Vioo vya Ukumbi wa Afrika: Ahadi Ni Deni

Katika mfululizo wetu kuhusu nchi jirani, leo tunavuka mpaka wa kaskazini wa Kenya na kuingia Ethiopia, hadi jiji la Addis Ababa. Hatuendi kutazama majumba ya wafalme wala makanisa ya kale. Tunakwenda katika jengo la ofisi na mikutano, na hata humo hatufiki mbali: tunasimama katika ukumbi wa kuingilia, mahali ambapo wajumbe hupita wakielekea mkutanoni. Hapo kuna madirisha matatu ya vioo vya rangi, yenye ukubwa wa jumla ya mita za mraba 150, yaliyobuniwa na msanii Mwethiopia Afewerk Tekle. Kazi hiyo inaitwa Ukombozi Kamili wa Afrika, nalo jengo ni Ukumbi wa Afrika, makao ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika.

Msomaji anaweza kuuliza: somo la uraia lina uhusiano gani na madirisha? Jibu langu ni hili. Sanaa inayowekwa katika ukumbi wa jengo la umma haiwi pambo tu. Ni tamko la wenye mamlaka juu ya kile wanachodai kukiamini, nalo limewekwa mahali ambapo kila aingiaye hulazimika kuliona. Wahenga walisema ahadi ni deni. Basi kazi ya sanaa ya namna hii ni hati ya deni, na mwananchi anayejua kuisoma anaweza pia kulidai.

Jengo na waliolijenga

Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika iliundwa mwaka 1958, na Addis Ababa ikachaguliwa kuwa makao yake. Mfalme Haile Selassie wa Kwanza aliamua kuijengea tume hiyo jengo la fahari na kulitoa kuwa zawadi. Kazi ya usanifu alikabidhiwa Arturo Mezzedimi, msanifu majengo Mwitalia aliyekuwa ameishi na kufanya kazi Asmara. Jengo lilifunguliwa mwaka 1961.

Uteuzi huo si jambo dogo. Majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia mwaka 1935, yakauteka mji mkuu mwezi Mei 1936, nao utawala wao ukadumu hadi 1941. Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua mtawala wa Kiitalia, maelfu ya wakazi wa Addis Ababa waliuawa kwa siku chache. Miaka isiyozidi 25 baadaye, jengo lililokusudiwa kuwa nyumba ya Afrika huru likachorwa na Mwitalia, kwa agizo la mfalme yuleyule aliyekimbizwa na Waitalia. Wengine wataona humo ukarimu wa mshindi. Wengine wataona tu kwamba ujuzi wa ujenzi wa kisasa bado ulikuwa mikononi mwa wageni. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kuta na nguzo, basi, zilikuwa za mgeni. Kilichowekwa kuzungumza na waingiao kilikuwa cha mwenyeji.

Msanii

Afewerk Tekle alizaliwa Ankober, katika jimbo la Shewa, tarehe 22 Oktoba 1932. Utoto wake uliangukia katika miaka ya uvamizi, na mji aliouona akikua ulikuwa na majeraha ya vita. Mwaka 1947 alipelekwa Uingereza kusomea uhandisi wa migodi, kwa kuwa taifa lililokuwa likijijenga upya lilihitaji wahandisi. Huko kipaji chake cha kuchora kikajitokeza, akaacha migodi na kujiunga na vyuo vya sanaa vya London, kikiwamo Slade. Alirejea nyumbani mwaka 1954 na kufanya maonyesho ya kazi zake Addis Ababa, kisha akasafiri tena Ulaya kujifunza zaidi. Miongoni mwa mambo aliyojifunza ni ufundi wa kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi. Alipokamilisha kazi ya Ukumbi wa Afrika alikuwa hajafikisha umri wa miaka 30.

Inafaa tuueleze ufundi huo kidogo, maana bila kuuelewa hatutaelewa kwa nini kazi hii haiwezi kung'olewa na kutundikwa kwingine kama picha ya kawaida. Kwanza msanii huchora mchoro mdogo wa rangi. Kisha huandaliwa mchoro wa ukubwa kamili, unaoonyesha kila kipande cha kioo kitakapokaa. Vioo vyenyewe havipakwi rangi juu juu. Rangi huingizwa ndani vinapoyeyushwa, kwa kuchanganywa na madini mbalimbali. Vipande hukatwa kimoja kimoja kufuata mchoro. Mistari midogo ya uso, vidole au nguo huchorwa kwa rangi maalumu, na vipande huchomwa tanuruni ili mistari hiyo isifutike. Mwishowe vipande huunganishwa kwa mikanda ya risasi, yaani ile metali laini ya kijivu, na maungio yake hulehemiwa.

Kazi haiishii hapo. Picha ya rangi ya mafuta huangaziwa kutoka mbele, ilhali dirisha la vioo vya rangi huishi kwa nuru inayopenya kutoka nyuma. Usiku likitazamwa kutoka ndani huwa kama limefumba macho. Asubuhi halifanani na jioni, na siku ya mawingu haifanani na siku ya jua kali. Kwa hiyo msanii wa kazi ya aina hii hushirikiana na jua la mahali, urefu wa ukuta na njia wanayopita watu. Dirisha likihamishwa, vioo vinaweza kubaki vilevile, lakini nuru ile iliyowazwa na msanii haihamishiki.

Kusoma vioo

Madirisha ni matatu, na yanasomwa kama hadithi yenye sehemu tatu: huzuni ya Afrika iliyopita, mapambano ya wakati wa msanii, na matumaini ya wakati ujao. Kila dirisha lina rangi inayolitawala. Nyekundu inatawala dirisha la wakati uliopita, kijani inatawala la mapambano, na manjano inatawala la matumaini. Hizo ndizo rangi za bendera ya Ethiopia, ambazo baadaye mataifa mengi ya Afrika yalizichukua katika bendera zao.

Katika dirisha la kwanza tunaona mateso na minyororo: bara lililofungwa na watu wake wakiwa chini ya nguvu za uovu. Katika dirisha la pili Waafrika wanapambana na joka. Mwethiopia yeyote aliyelelewa karibu na kanisa analijua joka hilo. Mtakatifu Georgi, mlinzi wa Ethiopia katika imani ya Kanisa la Kiorthodoksi, huchorwa akiwa juu ya farasi, akimchoma joka kwa mkuki. Hata katika michoro ya Vita vya Adwa vya mwaka 1896, ambapo Ethiopia iliishinda Italia, Georgi huonekana juu ya mapigano, akiwa upande wa Waethiopia. Afewerk alichukua picha ya kale iliyozoeleka kanisani akaitia maana mpya: katika dirisha lake wanaomkabili joka ni watu wenyewe, naye joka ni ukoloni.

Dirisha la tatu linaonyesha familia ya Kiafrika iliyobeba mwenge. Nyuma yao wamesimama watu waliovaa mavazi ya mataifa mbalimbali ya bara hili, na pamoja nao yumo askari wa kale aliyevaa deraya, yaani vazi la chuma la vita, lenye nembo ya Umoja wa Mataifa. Hapa mwanafunzi makini ana haki ya kuuliza. Kwa nini Umoja wa Mataifa uchorwe kama askari wa vita vya kale? Je, ni mlinzi anayesimama nyuma ya familia, au ni mgeni mwenye silaha anayesimama karibu mno? Mwaka uleule wa 1961 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa Kongo, na Patrice Lumumba aliuawa mwezi Januari, wiki chache tu kabla ya jengo hili kufunguliwa. Mtu aliyeitazama picha hiyo mwaka ule akiwa na habari za Kongo masikioni hangeweza kumtazama askari yule kwa moyo mtulivu.

Mwenge nao una ndugu yake katika historia ya Waswahili. Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, mwenge uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro, na tangu hapo Mwenge wa Uhuru umekuwa alama ya taifa. Kizazi kile, kutoka Addis Ababa hadi Dar es Salaam, kilifikiri kwa mfano wa nuru: anayeshika moto hashiki kwa ajili yake peke yake, bali ili wengine nao waone njia.

Neno "ukombozi"

Tuliangalie jina la kazi yenyewe, maana lugha yetu inatusaidia kulielewa. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana: uhuru na ukombozi. Uhuru ni hali ya kutokuwa mtumwa wala kutawaliwa na mwingine. Ukombozi ni tendo la kukomboa, na kukomboa ni kulipa gharama ili kukitoa kitu kilichowekwa rehani au kukamatwa. Mtu hukomboa shamba lake, hukomboa pete yake, hukomboa mateka. Nchi inaweza kutangaziwa uhuru usiku mmoja kwa kushusha bendera moja na kupandisha nyingine. Ukombozi huuliza swali la pili: je, gharama imelipwa yote, au bado kuna kilichobaki rehani?

Msanii aliongeza neno "kamili". Mwaka 1961 neno hilo lilikuwa la ujasiri mkubwa. Vioo vilipowekwa, Tanganyika ilikuwa bado haijawa huru. Rwanda na Burundi zilipata uhuru Julai 1962, Uganda Oktoba 1962, Zanzibar na Kenya Desemba 1963. Msumbiji ilingoja hadi 1975, Zimbabwe hadi 1980, Namibia hadi 1990. Afrika Kusini ilipiga kura ya watu wote mwaka 1994. Kwa hiyo dirisha la manjano lilikuwa madai yaliyotangulia ushahidi.

Mei 1963

Mwezi Mei 1963 viongozi wa nchi huru za Afrika walikutana katika jengo hilo. Walifika wakiwa wamegawanyika. Kundi lililoitwa la Casablanca, ambalo Kwame Nkrumah wa Ghana alikuwa sauti yake kubwa, lilitaka muungano wa kisiasa wa haraka. Kundi la Monrovia lilitaka ushirikiano wa nchi zinazobaki na mamlaka zao. Julius Nyerere wa Tanganyika aliamini kwamba umoja ungejengwa kwa hatua, kuanzia majirani. Milton Obote wa Uganda naye alikuwapo. Tarehe 25 Mei Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitiwa saini, na nchi 32 huhesabiwa kuwa waanzilishi wake. Ndiyo maana 25 Mei ni Siku ya Afrika.

Mambo mawili ya mkutano ule yanahusiana moja kwa moja na vioo vya ukumbini. La kwanza ni kuundwa kwa Kamati ya Ukombozi, ambayo makao yake yaliwekwa Dar es Salaam ili kusaidia vyama vilivyopigania uhuru kusini mwa Afrika. Neno lililokuwa kwenye kioo likapata ofisi na bajeti, na wapiganaji wakapata mahali pa kupokelewa. La pili ni kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuzilinda nchi changa dhidi ya wakubwa, lakini kwa miaka mingi iliwalinda pia watawala dhidi ya malalamiko ya watu wao.

Deni lililobaki

Tusimfanye mwenye zawadi kuwa malaika. Mfalme aliyelipia picha ya ukombozi alikuwa mtawala asiyechaguliwa. Desemba 1960, jengo likiwa karibu kufunguliwa, baadhi ya maofisa wa kikosi chake mwenyewe cha ulinzi walijaribu kumpindua wakidai mabadiliko, na jaribio hilo likazimwa kwa damu. Mwaka 1962 alifuta mfumo wa shirikisho na kuifanya Eritrea kuwa jimbo la Ethiopia, na vita vya huko vikadumu hadi 1991. Njaa kubwa ya Wollo ilifichwa kwa muda huku watu wakifa. Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa madarakani, nao wakaleta utawala wa kutisha zaidi. Vioo vilibaki mahali pake wakati wote huo. Kila serikali ilirithi ahadi ileile, na kila moja ilipimwa nayo.

Umoja wenyewe ulipimwa pia. Mwaka 1975 mkutano wa wakuu ulifanyika Kampala, na Idi Amin, aliyekuwa akiwaua raia wake, akawa mwenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kuhudhuria. Tanzania ilipomwondoa Amin mwaka 1979 baada ya kuvamiwa Kagera, ilikuta baadhi ya wenzake wakiilaumu kwa kuvunja kanuni ya kutoingilia. Swali la dirisha la pili likarudi likiwa gumu zaidi: je, joka akizaliwa ndani ya nyumba, hapigwi?

Mwaka 1994 ulilitia swali hilo uchungu. Mwezi wa Aprili Waafrika Kusini walipanga foleni ndefu kupiga kura, na sehemu ya mwisho ya kazi ya Kamati ya Ukombozi ikakamilika. Mwezi huohuo mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Madirisha mawili, la huzuni na la matumaini, yaliwaka kwa wakati mmoja. Umoja wa Afrika uliochukua nafasi ya umoja wa zamani mwaka 2002 ulijifunza kwa gharama hiyo: sheria yake ya msingi inaruhusu kuingilia kati kunapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kuruhusu hakumaanishi kutenda kila inapobidi, lakini angalau mlango haujafungwa tena kwa kanuni.

Hata lugha tunayojifunza hapa ina sehemu katika hesabu hiyo. Ukombozi kamili ungewezekanaje ikiwa Waafrika hawawezi kuzungumza mkutanoni kwa lugha yoyote ya Kiafrika ivukayo mipaka? Julai 2004, Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwashangaza wenzake mjini Addis Ababa kwa kuwahutubia kwa Kiswahili. Februari 2022 mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi ya umoja huo.

Kutunza na kudai

Afewerk Tekle alifariki Aprili 2012. Ukumbi wa Afrika ulikuwa umechakaa, nao Umoja wa Mataifa ukaugharimia ukarabati wa dola za Marekani milioni 57 hivi. Madirisha yalifanyiwa matengenezo, na jengo likafunguliwa upya Oktoba 2024. Wapo wanaouliza kama fedha nyingi namna hiyo zitumike kwa jengo la zamani wakati shule na zahanati zinapungua. Swali hilo ni la haki, na raia asione aibu kuliuliza. Lakini kuna jibu ambalo nalo ni la haki: hati ya deni ikichanika, anayefurahi ni mdaiwa.

Ndiyo maana mwanafunzi wa uraia anapaswa kuingia katika majengo ya umma akiwa na macho yanayosoma. Karibu kila ukumbi wa bunge, mahakama, manispaa au wizara una picha, sanamu au maandishi ukutani. Ukiona mizani mahakamani, umeahidiwa usawa mbele ya sheria. Ukiona jembe na shoka katika nembo ya taifa, umeahidiwa heshima ya mfanyakazi na mkulima. Ukiona mwenge katika mikono ya familia, si katika mikono ya mfalme, umeahidiwa kwamba wenye kushika nuru ni watu wa kawaida. Aliyeagiza picha hizo huenda alitaka sifa tu; lakini akishaziweka ukutani, amejifunga mwenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya "uhuru" na "ukombozi" kwa kutoa mfano mmoja wa historia ya nchi yako.

2. Kwa nini kazi ya Afewerk Tekle isingekuwa na maana ileile kama ingehamishiwa katika jumba la makumbusho?

3. Je, kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine ililinda zaidi wananchi au watawala? Toa hoja za pande zote mbili.

4. Tembelea jengo moja la umma karibu nawe. Andika aya mbili: ya kwanza ieleze kazi ya sanaa au alama uliyoikuta katika ukumbi wa kuingilia, ya pili ieleze ahadi inayotolewa na alama hiyo, na kama ahadi hiyo inatimizwa.